Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Mwaka 2021

Ndugu wanachama, assalamu alaykum.

Kwa desturi taarifa hii huanza na ada na mahudhurio. Safari hii nayaweka mwisho. Tarehe 25 Disemba 2020, mafundi wakiwa kazini, sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, iliporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walifariki. Kabla hatujaendelea, naomba tuwaombee dua.

Mwaka mzima nimesimamishwa njiani, Forodhani hadi Darajani, nikiulizwa: nani wa kulaumiwa? Chama chetu si mahakama, na ukarabati uliogharamiwa na Oman una wenyewe wa kuutolea maelezo. Ila tusijifanye kwamba jengo lilianza kuumwa siku ile. Mwaka 2012 sehemu ya varanda ya nyuma ilikuwa imeshaanguka. Wengi wetu tulipita, tukatikisa vichwa, tukaenda kula urojo. Mimi pia nilikuwemo.

Mafundi wakongwe waliotufundisha mwaka huu wameeleza vizuri kuliko nitakavyoeleza mimi. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkandaa, yaani mti wa mikoko, haifiki mbali. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, alitaka kumbi pana, akaleta vyuma. Nguzo na mihimili hiyo ndiyo iliyolipatia jengo haiba yake, na ndiyo inayolitia mashakani: paa likivuja, chuma kinashika kutu, kutu inavimba, na jiwe lililokikumbatia linapasuka. Kuta zenyewe zinahitaji kupumua. Ukizipaka saruji, unyevu na chumvi ya bahari vinafungiwa ndani, na ukuta unaliwa taratibu huku kwa nje ukionekana mzuri. Fundi mmoja alitucheka kwa kuita hayo ukarabati. "Hiyo," alisema, "ni poda usoni mwa mgonjwa."

Kwa hiyo nguvu zetu za mwaka tumezielekeza kwenye chokaa: kuichoma, kuirojesha, kuiacha ikomae, kupiga niru (chokaa laini ya kupaka kuta), kuponda sakafu. Vijana waliojitokeza ni wachache, na wawili wameshaondoka kwenda kwenye ujenzi wa mahoteli, ambako malipo ni bora. Siwalaumu.

Kazi ya pili ilikuwa kukusanya picha za ndani ya jengo kutoka majumbani mwenu. Ahsanteni sana, albamu zimekuja kwa mafurushi: ziara za skuli, maharusi, wageni kutoka Pemba na Muscat. Lakini tumegundua jambo la kutahayarisha. Karibu kila mtu alipiga picha mbele, saa ikiwa juu ya kichwa chake. Paa, ngazi za nyuma na pembe za varanda hatuna takriban chochote. Mwenye picha ya aina hiyo, hata kama ina kidole cha mpigaji, ailete.

Picha hizo ni muhimu kwa sababu ya ubishi uliotokea kwenye kikao chetu cha kati ya mwaka. Wengi mlisema lijengwe "kama lilivyokuwa". Lilivyokuwa lini? Jengo la Barghash halikuwa na mnara ule. Agosti 27, 1896 Waingereza walipopiga mizinga kwa muda usiofika saa moja, Beit al-Hukm, jumba la kifalme la jirani, ilivunjika, na mnara wa taa uliokuwa ukisimama mbele ya Beit al-Ajaib ukaharibika. Saa tuliyoizoea iliwekwa kwenye jengo lenyewe baadaye. Mimi nataka saa irudi, maana ndiyo niliyokua nayo. Lakini nikiri kwamba hiyo ni hoja ya moyo.

Lililonisumbua zaidi ni vitu. Jumba hili lilikuwa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili. Katika ukumbi wa kati palikaa mtepe, chombo cha baharini cha zamani, ulioshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, na watoto walikuwa wakitafuta msumari huo kwa bidii. Tumeandika barua kuomba orodha ya kila kitu: kipo wapi, kina hali gani, nani ana ufunguo. Jibu halijatufikia. Tutaandika tena, safari hii tupeleke wenyewe kwa mkono.

Oktoba, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel ya Fasihi, wageni wengi walitaka kuonyeshwa Zanzibar ya zamani. Tuliwapeleka mtaa wa Malindi hapa Mji Mkongwe, tukawapitisha mbele ya uzio wa kifusi. Maswali yao yalikuwa mengi kuliko majibu yetu.

Hesabu mtasomewa na mtunza hazina, hatuna deni. Ada imelipwa vibaya na wanakamati, nikiwemo, nami nimelipa jana. Napendekeza ada ya mwakani itengwe kununua chokaa na kuwalipa nauli wanafunzi. Tupige kura sasa, kabla ya chai.