Kwa Rafiki Aliyeuliza Kuhusu Saratani Sugu

Mpendwa rafiki yangu,

Nimekaa na swali lako siku kadhaa: kwa nini dawa iliyoupunguza uvimbe mara ya kwanza ishindwe uvimbe uleule unaporudi, na je, si afadhali kipimo kiongezwe?

Kipimo kina kikomo, kwa kuwa doksorubisini, mojawapo ya dawa za saratani, kwa mfano, hudhuru moyo kadiri jumla yake mwilini inavyopanda. Tena mara nyingi kasoro haimo katika dawa. Mwaka 1976 watafiti Juliano na Ling walieleza protini iliyosheheni kwenye utando wa seli sugu, nayo ikaitwa P-glaikoprotini. Hiyo ni pampu inayotumia nishati ya seli kuitoa dawa nje, na kwa kuwa haichagui sana, seli iliyozoea dawa moja huweza kuzikataa hata nyingine ambazo haijawahi kukutana nazo. Watafiti walijaribu kuizuia kwa verapamili, dawa ya moyo na shinikizo la damu, lakini kipimo kilichohitajika kiliuathiri moyo wa mgonjwa.

Kunyamazisha jeni ni njia tofauti: pampu haizibwi, bali inazuiwa isitengenezwe. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha, kwa kutumia mnyoo mdogo, kwamba RNA (molekuli jamaa ya DNA) yenye nyuzi mbili huizima jeni inayolingana nayo, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Katika seli za binadamu hutumika vipande vya RNA hiyo vya herufi 21 hivi, ambavyo huziongoza protini za seli yenyewe kuikata RNA mjumbe, yaani nakala ya maagizo, ya MDR1, jeni ya pampu hiyo, kabla pampu haijaundwa.

Kinachonifurahisha katika majaribio ya maabara ni kwamba doksorubisini ni nyekundu na hung'aa yenyewe chini ya hadubini ya mwanga maalumu, hivyo hakuna haja ya rangi nyingine. Seli sugu hubaki na giza. Zile ambazo jeni yao imenyamazishwa, wekundu hujikusanya katika kiini cha seli. Ila usiwe na haraka! Ukitia dawa siku hiyohiyo ya kunyamazisha jeni utaona giza lilelile, kwa sababu RNA imekwisha kukatwa lakini pampu za zamani zingali kazini, na huchukua siku mbili tatu kuchakaa. Ukichelewa mno nako, vipande hupungua kila seli inapogawanyika, pampu zikarudi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo majaribio mengi huharibika.

Mwilini mambo ni magumu zaidi, maana vimeng'enya vya damu huvikata vipande hivyo na figo huvichuja. Patisirani, dawa ya kwanza ya aina hii, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa ugonjwa wa kurithi usio saratani, hubebwa ndani ya vitone vya mafuta vinavyofika kwenye ini. Uvimbe ulio mbali na ini bado haujapatiwa njia nyepesi kama hiyo, na pampu yenyewe haifai kuzimwa mwili mzima, kwani ndiyo inayoukinga ubongo dhidi ya sumu.

Ukiniandikia tena nitakuchorea pampu hiyo, kwani maneno hayaitoshi.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.