Kwa wakemia vijana wanaokabidhiwa spektromita ya masi

Wanangu,

Salamu zangu ziwafikie mkiwa wazima. Nimestaafu na macho yamepungua nguvu, lakini mlio wa pampu ya vakyumu, ile inayoondoa hewa ndani ya mashine, naujua hata nikiusikia nje ya ukuta, na nikipita karibu na maabara yenye mashine ile miguu hupunguza mwendo yenyewe. Nimesikia kwamba wengi wenu mtakabidhiwa spektromita ya masi, yaani mashine ya kupima uzito wa molekuli, katika mwaka wa kwanza kazini. Sisi tuliisubiri miaka mingi. Nimefurahi kweli, na kwa sababu hiyo nawaandikia kuhusu jambo moja, nalo ni blanki.

Najua mmefundishwa. Unachukua maji safi au kiyeyusho kitupu, unakipitisha katika hatua zote ambazo sampuli ya kweli imepitia, ili ujue uchafu wako mwenyewe ni kiasi gani. Darasani hilo ni swali la maksi mbili. Kazini ndilo linaloamua kama ripoti yako ni ya kweli au ni ya uongo uliogongwa muhuri.

Mashine yenyewe inafanya kazi ya ungo. Mama akipepeta mchele, makapi mepesi yanachukuliwa na upepo na punje nzito zinarudi kwenye ungo. Ndani ya spektromita molekuli inapewa chaji, inakuwa ayoni, inarushwa ndani ya vakyumu, na zikipita kwenye sumaku, ayoni nyepesi inapindwa zaidi kuliko nzito. Ziko mashine zinazotumia umeme badala ya sumaku, lakini shabaha ni hiyo hiyo. Mwisho unapata masi, kwa usahihi wa kustaajabisha. Ila ungo haujui mchele umetoka shamba gani. Kilichomo kitapepetwa, kiwe kimetoka kwenye sampuli au kimedondoka kutoka kwenye kiganja chako.

Nilipokuwa na umri wenu nililetewa maji ya kisima cha kijiji kimoja. Karakana ya magari ilikuwa imejengwa jirani na watu walitaka kujua kama maji bado yanafaa. Nikayaandaa, nikayapima, na kwenye karatasi ikasimama namba 149, mlingoti mrefu kuliko yote. Mliosoma mmeshaitambua: ni alama ya fthaleti, kemikali za kulainishia plastiki. Hata mimi niliitambua. Na blanki nilikuwa nayo, safi kabisa. Nikaandika kwamba kisima kimeingiwa na uchafu wa kemikali za viwandani. Kisima kikafungwa kwa mnyororo na kufuli.

Wiki tano baadaye, nikiosha vyombo, kilinidondoka kifuniko cha chupa mojawapo ya zile zilizoleta maji. Kwa ndani kilikuwa na duara la plastiki laini, nyeupe, ukilibonyeza kwa kucha linaacha alama. Blanki yangu niliiandaa maabara, katika chupa ya kioo yenye kizibo cha kioo. Haikusafiri kwenda kijijini, haikulala ndani ya gari lenye joto, haikuguswa na kifuniko kile. Nikajaza maji safi kwenye chupa ya aina ile ile, nikaifunika, nikaianika juani siku mbili. 149 ikasimama pale pale.

Nilikwenda mwenyewe, sikumtuma mtu. Mwenyekiti akaita watu, nikasimama chini ya mwembe nikawaambia nimekosea. Bibi mmoja aliyekuja na ndoo yake akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, yalikuwa mazima siku zote hizi?" Nikamwambia ndiyo, mama. Hakunitukana. Aligeuka akaitazama njia ya mtoni, ile aliyoipanda na kuishuka wiki tano, akanyamaza. Tangu siku ile, popote sampuli iendapo, blanki yangu imekwenda nayo, katika chupa ile ile, chini ya kifuniko kile kile, katika boksi moja.

Baada ya hapo ndipo nilipomsoma Clair Patterson kwa makini. Sikuwahi kumwona, lakini namhesabu kuwa mwalimu wangu, na ninataka mmjue.

Patterson alizaliwa Iowa, Marekani, mwaka 1922. Wakati wa vita vya pili vya dunia alifanya kazi na spektromita za masi huko Oak Ridge. Mwaka 1948, akiwa Chuo Kikuu cha Chicago, mkuu wake Harrison Brown alimpa kazi ya kupima risasi, nasema ile metali na si ya bunduki, ndani ya chembe za zirkoni, madini yaliyomo kwenye mawe, zisizozidi ukubwa wa punje ya mchanga. Mwenzake George Tilton apime urani. Urani inageuka kuwa risasi kwa mwendo unaojulikana, kwa hiyo ukijua vyote viwili unajua umri wa jiwe. Lakini risasi ya Patterson ilitoka nyingi mno, kila mara, na kila mara kiasi tofauti. Mtu mwingine angelaumu mashine, au angechagua namba inayopendeza. Yeye alianza kutafuta risasi ile inatoka wapi. Akaikuta kwenye asidi, kwenye vyombo vya kioo, kwenye maji ya bomba, kwenye vumbi, kwenye nywele na ngozi yake mwenyewe.

Ilimchukua miaka. Alipohamia Caltech, chuo cha teknolojia cha California, mwaka 1952 alijenga maabara ambayo hewa yake inachujwa na kusukumwa kwenda nje ili vumbi lisiingie, akasafisha asidi zake mwenyewe, akawavalisha watu mavazi ya kuzuia uchafu wa miili yao. Mwaka 1953 alichukua risasi aliyoitenga kutoka kwenye kimondo cha Canyon Diablo, kilichoanguka Arizona, akaenda kuipima katika maabara ya Argonne. Kimondo kile kina madini yasiyo na urani karibu kabisa, kwa hiyo risasi yake haijaongezeka tangu mwanzo. Uwiano wa isotopu zake, yaani atomi za risasi zenye uzito tofauti, za 206 na 207 kwa ile ya 204, ambayo haizaliwi na chochote, ulipolinganishwa na ule wa risasi ya Dunia ya sasa, ukampa umri wa Dunia. Alisimulia baadaye kwamba alikwenda nyumbani kwao Iowa moyo ukimwenda mbio hata akamwomba mama yake ampeleke hospitali. Mwaka 1956 akachapisha: miaka bilioni 4.55, ikizidi au kupungua kwa milioni 70. Namba hiyo imesimama mpaka leo.

Angeweza kuishia hapo akaheshimiwa maisha yake yote. Lakini alikuwa amejifunza kupima blanki, na blanki ilikuwa imemwambia kitu kingine: risasi iko kila mahali. Akaifuata kwenye maji ya bahari na kwenye barafu ya Greenland, akaona imeongezeka kwa kasi katika zama za petroli iliyotiwa risasi. Mwaka 1965 aliandika kwamba Wamarekani wanabeba risasi nyingi mno mwilini kupita ile ya asili. Dkt. Robert Kehoe, aliyefanya kazi miaka mingi kwa fedha za viwanda vya petroli hiyo ya risasi, alikuwa akifundisha kwamba risasi kiasi fulani mwilini ni jambo la kawaida, kwa kuwa kila mtu anayo. Tazameni hapo, wanangu. Watu wa kulinganishia walikuwa wamechafuka tayari. Ilikuwa blanki chafu ya taifa zima. Patterson alisema la kawaida si lazima liwe la asili, na mwaka 1979 yeye na wenzake wakapima mifupa ya watu wa kale wa Peru, wakakuta risasi ya Wamarekani wa wakati ule inaizidi ile mamia ya mara.

Alilipa gharama. Mikataba ya utafiti ikakatwa, na mwaka 1971, Baraza la Taifa la Utafiti lilipounda jopo la wataalamu wa risasi ya hewani, yeye hakuwekwa. Aliendelea kupima. Marekani ikapunguza risasi kwenye petroli, na wastani wa risasi katika damu ya watu wake ukashuka kutoka mikrogramu 12.8 (mikrogramu ni sehemu ya milioni ya gramu) kwa desilita mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 2.8 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alifariki Desemba 1995. Kwetu, kusini mwa Sahara, petroli ya risasi iliachwa mwanzoni mwa 2006. Mimi nakumbuka vijana wa gereji wakinyonya petroli ile kwa mpira, kwa midomo yao, wakitema pembeni na kuendelea na kazi, na hakuna aliyewaambia kitu.

Niongeze la nyumbani, maana najua mnapenda kusikia la nyumbani. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolipata Mary Leakey pale Olduvai Julai 1959 lilipewa umri wake mwaka 1961 kwa spektromita ya masi: miaka milioni 1.75, kwa njia ya potasiamu na agoni. Jack Evernden na Garniss Curtis wa Berkeley walipima agoni, gesi ambayo potasiamu huigeukia polepole, iliyonaswa ndani ya majivu ya volkano. Sasa hewa tunayovuta ina agoni karibu asilimia moja, na tone la hewa likibaki ndani ya mitambo jiwe lote linaharibika hesabu. Kwa hiyo mitambo huokwa kwanza mpaka itoe hewa yake, kisha agoni 36, aina ya agoni isiyozaliwa na potasiamu, inapimwa ili kujua hewa iliyobaki ni kiasi gani. Blanki nyingine hiyo.

Lakini wengi wenu hamtapima vimondo wala fuvu. Mtapima mahindi. Sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na 20 Dodoma na Manyara mwaka 2016. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili yake, kisha baada ya siku chache ikafungua kwa masharti, vyeti vya vipimo vikiwemo. Kiwango cha juu cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa jumla katika kila kilo. Pigeni hesabu: lori la tani 30 linarudishwa kwa kama theluthi moja ya gramu. Mashine zenu zinaweza kuona kiasi hicho bila shida. Ayoni ya sumu hiyo, ya 313, inavunjika kuwa 285 na 241, na mtafurahi kuiona. Ila sumu ile haikai sawasawa kwenye shehena. Punje chache zinaweza kubeba karibu yote. Aliyechoma bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka guniani, kwenye magunia ya upande mmoja tu kwa sababu jua ni kali, ameshaamua jibu kabla hujawasha kompyuta. Nendeni mkashike bambo wenyewe, japo mara moja kwa mwezi. Chomeni magunia ya katikati na ya chini. Sageni nafaka ya kutosha kabla ya kupunguza sampuli. Na baada ya sampuli yenye sumu nyingi pitisheni blanki, maana mabaki yake yanamsubiri mkulima anayefuata.

Mengine mtajifunza njiani: mafuta ya pampu, umeme unaokatika, vipuri visivyofika. Hayo yana mafundi.

Kuna siku itakuja, na kwa wengine haitachelewa. Blanki itakuwa chafu saa kumi jioni, lori limepangwa foleni, mwenye mzigo anapiga simu, na mkuu wako amesimama mlangoni anataka namba. Mwambie kwa adabu, "Blanki haijakaa sawa, naanza upya." Akikasirika, rudia maneno hayo hayo. Ukiona unazidiwa, nipigie hata usiku. Nitakuja na koti langu la zamani, nitakaa nawe mpaka itoke safi.

Mzee wenu,
mkemia mstaafu, Dar es Salaam