Nafasi ya kwanza ni ya Mtaa wa Maple

Mhariri,

Wapenzi wa hadithi za kutisha wanapovipanga kwa ubora vipindi vya The Twilight Zone, mfululizo wa televisheni ulioonyeshwa Marekani kuanzia 1959 hadi 1964, wengi hutanguliza kile cha abiria anayeona kiumbe kwenye bawa la ndege. Ni kizuri, lakini ninakiweka nyuma ya "The Monsters Are Due on Maple Street" cha 1960, kilichoandikwa na mwanzilishi wa mfululizo huo, Rod Serling.

Katika kipindi hicho, umeme unakatika mtaa mzima, magari yanagoma kuwaka, kisha gari la jirani mmoja linajiwasha lenyewe, na kuanzia hapo hata mazoea yake ya kusimama nje usiku akitazama mbingu kwa kukosa usingizi yanageuzwa ushahidi dhidi yake. Usiku huohuo, jirani aliyekwenda mtaa wa pili kuulizia hali anapigwa risasi gizani na mmoja wa watu waliokuwa naye mchana. Kumbe wageni wa sayari nyingine wako kilimani, wanachezea umeme tu; mengine majirani wanafanyiana wenyewe. Sijaona televisheni ikieleza kwa ufasaha zaidi jinsi chuki inavyoanza. Naomba gazeti lako, litakapochapisha orodha ya vipindi vya kale, likipe kipindi hiki nafasi ya kwanza.

Msomaji wako,
Morogoro