Betri ya volti 9.3 iliyoshindwa kufungua mlango

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi redio hapa Ngamiani, Tanga. Naomba nafasi niwajibu wanaolalamika kwamba betri za siku hizi zote feki. Feki zipo, sikatai: nimeletewa seli ya tochi, ile ya lithiamu ya kuchaji yenye unene kama wa kidole gumba (18650), imeandikwa mAh 9900 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa), na hata iliyo bora ya ukubwa ule haifiki 5000. Lakini nyingi mnazotupa ni nzima, mmezipa tu kazi isiyo yao.

Mwezi uliopita mwenye duka mmoja aliniletea kitasa cha umeme. Koili yake, yaani waya uliozungushwa unaovuta ulimi, huvuta nusu sekunde tu, ila katika nusu sekunde hiyo inataka mkondo wa umeme wa ampea moja na nusu. Ameiwekea betri ya mraba ya volti 9, ile ya bei rahisi, na tatu kama hizo ameshazitupa. Nikapima: 9.3. "Si unaona fundi, nzima hiyo!" Nikamwambia abonyeze swichi huku nimeshikilia nyaya za mita. Kitasa kikalia tik, ulimi haukutoka, mita ikaporomoka hadi 4. Alipoachia, ikapanda tena kama si yenyewe.

Ndani ya betri ile mna seli sita nyembamba zimepangwa kama biskuti, na ukinzani wa kila moja, yaani ule ugumu wa kupitisha umeme, unajumlishwa. Ni dafu lililotobolewa kwa sindano, maji yamo lakini hunywi.

Nikamwekea za kuchaji za nikeli, saizi AA, nane. Akanung'unika: kila moja volti 1.2, mAh 2000, wakati betri ya alkalaini ina zaidi! Lakini ukinzani wa hizi ni mdogo: ulimi ukaruka, na mita haikushuka chini ya 9.

Baada ya wiki mbili karudi, kitasa kimelegea. Springi za kibebeo zimeota kutu ya kijani, hewa yetu ya chumvi hiyo. Kutu yenye ukinzani wa nusu omu tu, kwa ampea moja na nusu, inakula robo tatu ya volti moja. Nikapiga msasa, sikumtoza.

Wauzaji, wekeni kaunta balbu ya indiketa ya pikipiki, volti 12, wati 10. Mteja akitaka betri ya kitasa au mota, iguseni kwanza kwenye balbu. Ikiwaka wekundu wa kaa la sigara, hiyo muuzieni fundi aweke kwenye mita yake, inayotumia umeme kidogo tu.

Fundi redio,
Ngamiani, Tanga