Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Michezo Zanzibar: hatuombi pesa, tunaomba mita 201

Assalaam alaykum Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi gari, gereji yetu ipo Mwanakwerekwe, tupo watu saba na tuna Starlet moja ya 1994 ambayo ni yetu sote. Hiyo ndio timu yetu ya resi za dragi, yaani gari mbili zinashindana kwenye njia fupi iliyonyooka. Nakuandikia hadharani kwa sababu kuna ofisi moja hapa mjini tushakwenda mara nne kuomba ruhusa ya kufanya resi mchana kwa utaratibu, kila tukenda tunaambiwa anaehusika katoka rudini wiki ijayo, na mwaka jana wakati sie tunaisubiri hiyo wiki ijayo mwenzetu mmoja kavunjika mguu usiku barabarani akishindana na kijana wa mtaa mwengine. Nilikaa nae hospitali mpaka alfajiri, mama yake kakaa pembeni anasoma Yasin. Toka siku ile timu yetu haijakwenda tena resi za usiku. Lakini vijana wengine wanakwenda Mheshimiwa, kila mtu anajua wanakwenda.

Watu wanadhani mchezo huu ni wa watoto wa matajiri, sasa wacha nikueleze pesa yetu inatoka wapi. Tunacheza upatu, elfu kumi kila mtu kila Ijumaa, tupo saba lakini zamu ni nane, na zamu ya nane inapokea gari. Zile elfu sabini ndio klachi, ndio plagi, ndio petroli. Msimu wa watalii tunatengeneza pikipiki za kukodisha za Nungwi na Paje, kazi ya Jumapili tumekubaliana hailipi mtu inalipa gari, na masika ikiingia watalii wanapungua na pesa inakauka kabisa, mwezi wa nne na wa tano gari inalala chini ya turubali. Kuna mzee muuza oili anatupa galoni mbili mara moja moja nasi tumemuandika jina la duka lake mlangoni, basi huyo ndio mdhamini wetu mkubwa na namshukuru sana. Dada yangu nae akiuza urojo jioni huwa anatukatia kidogo. Spea tunatoa kwenye Starlet zilizokufa, giaboksi yetu ni ya tatu hiyo na zote tatu tumezifungua wenyewe.

Zipo Starlet za tabo ambazo Toyota walizitoa na nguvu za farasi 135, kuipata injini ile mpaka kufika hapa ni ndoto kwetu, sisi yetu ni ile ya cc 1300 ya kawaida. Kwa hiyo tunatafuta pale ambapo pesa haihitajiki. Kiti cha nyuma tumetoa, zulia tumetoa, tairi la spea tumetoa, maana wenye mchezo wao wana hesabu ya kukisia kwamba kila kilo 45 unazozipunguza kwenye gari zinakupa kama sehemu ya kumi ya sekunde katika robo maili, ambayo ndio masafa ya kawaida ya resi hizi, na kutoa kiti ni spana tu na jasho. Upepo wa tairi za mbele tunapunguza kidogo ili zishike chini wakati wa kuondoka. Halafu tuna daftari la skuli, kila jaribio tunaandika: saa ngapi, joto vipi, upepo wa tairi kiasi gani, gari imetumia muda gani. Kuna bwana mmoja anatuachia kiwanja chake asubuhi, mita mia tu, tunarikodi kwa simu kisha tunaitazama ile video polepole. Humo kwenye daftari utaona wakati wa kaskazi gari inachelewa, hewa ya joto ni nyepesi na injini inapata oksijeni kidogo, kipupwe ikija gari ile ile bila kuguswa inaamka.

Hapa sasa ndio penye jambo lenyewe Mheshimiwa naomba unisikilize vizuri. Ipo aina ya resi za dragi inaitwa braketi, na Marekani watu wa kipato cha kawaida wengi wanacheza hii, si ile ya mashine kubwa zinazotumia mafuta makali ya nitromethani ambazo injini inafunguliwa na kuundwa upya kila baada ya mbio moja. Kwenye braketi kila dereva anaandika mwenyewe kwenye kioo muda ambao gari yake itatumia. Mimi nikiandika sekunde 12 na mwenye Subaru kubwa akaandika 9, taa yangu ya kijani inawaka sekunde 3 kabla ya yake. Naondoka, yeye bado kasimama ananitazama, kisha ananifukuza, na kama kila gari ikitumia muda wake sawasawa na madereva wakawahi taa sawasawa basi tunafika mstarini pamoja. Na huwezi kudanganya ukaandika muda mrefu ili utangulie, kwa sababu ukikimbia chini ya ule muda uliouandika umeshindwa, labda mwenzio nae awe kafanya kosa kubwa kuliko lako. Kwa hiyo anaeshinda ni yule anaeijua gari yake na anaewahi taa. Daftari letu la skuli lina thamani kwenye resi ya namna hiyo, na barabarani usiku halina thamani hata kidogo, pale anashinda mwenye injini kubwa au asiyeogopa kufa.

Na hawa Wamarekani walianza kama sisi, vijana wanakimbizana njiani usiku. Mwaka 1950 kule Santa Ana, California, wakapewa njia ya ndege kwenye uwanja mdogo wa ndege, watu wakaingia kwa senti 50. Mwaka 1951 Wally Parks akaanzisha NHRA, chama cha resi za dragi cha Marekani, ili vijana watoke barabarani waingie kwenye utaratibu, na resi yao ya kwanza rasmi ya 1953 ilifanyika kwenye maegesho ya uwanja wa maonesho pale Pomona. Maegesho Mheshimiwa! Hawakusubiri wajengewe kiwanja.

Sisi hatuombi hata robo maili nzima ambayo ni mita 402. Tunaomba nusu yake, mita 201, nao pia wanaukimbia sana urefu huo, injini haziteseki na mwendo wa mwishoni unakuwa mdogo. Kupunguza masafa si aibu, zile mashine zao kubwa kabisa zilipunguziwa kutoka mita 402 mpaka 305 mwaka 2008 baada ya dereva Scott Kalitta kufariki mbioni. Iwe kipande cha barabara kilichonyooka kisichokuwa na nyumba, kifungwe Jumapili moja kwa mwezi kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 5, na mbele ya mstari wa mwisho zibaki si chini ya mita 400 za kusimamia, hilo la kusimamia ni muhimu kuliko yote. Ambulensi moja na askari wa kuzuia njia, gharama zao tutalipa wenyewe kwa kiingilio. Kila dereva helmeti na mkanda, kila gari ikaguliwe breki na tairi kabla ya kuingia, mafundi wa kukagua tupo. Taa tutatengeneza, yupo kijana kwetu fundi umeme kashaunda moja kwenye ubao, taa tatu za njano zinafuatana kwa nusu sekunde kisha kijani, na upande wa kila gari unahesabu peke yake.

Resi za ngalawa zikifanyika pale Forodhani watu wanajaa ukingoni na watoto wao, na kila ngalawa nyuma yake kuna watu waliochangishana tanga na kamba. Timu yetu ni hivyo hivyo, na nimeshazungumza na timu nyengine tatu za hapa mjini, zote zimekubali kwamba ruhusa ikitoka, atakaeonekana kwenye resi ya usiku hatocheza tena na sisi.

Mwenzetu mguu umeunga, anachechemea kidogo lakini yupo gereji kila siku na yeye ndie anaeandika daftari. Mtume mtu yeyote umuaminie, aje baada ya magharibi, tutamuwashia ile taa aione.

Wasalaam,
Fundi wa Starlet nyeupe, Mwanakwerekwe