Hiyo mota usiitupe

Rafiki yangu, za siku?

Meseji yako nimeisoma mara mbili, eti gurudumu la kushoto la roboti yako linastukastuka halafu linagoma mpaka ulisukume na kidole. Aisee hiyo mota usiitupe! Mota inayotaka kusukumwa ndo ianze mara nyingi haijaungua, ni brashi (vile vipande vinavyogusa na kupitisha umeme) na komyuteta (ile pete ya shaba kwenye shafti inayoguswa na brashi) tu.

Kwanza itoe kwenye gia uiwashe ikiwa peke yake, maana mimi niliwahi kufungua mota nzima kumbe kuna uzi umejisokota kwenye shafti ya gurudumu, jioni yote ikaishia hapo. Ikigoma hata ikiwa peke yake chukua mita, weka kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), pima kwenye miguu miwili ya mota huku unazungusha shafti polepole. Hizi ndogo nyingi zina koili (misokoto ya waya) 3 na vipande 3 vya shaba kwenye komyuteta, kwa hiyo namba zinatakiwa zifanane kila inapotulia. Zikipishana sana, mfano moja ni mara mbili ya nyingine, ujue koili imekatika au waya umeachia, na kama umeachia pale unapoungana na kipande cha shaba unalehemu tena inapona kabisa, nimeshaokoa mbili hivyo.

Namba ikirukaruka tu bila mpangilio, huo ni uchafu. Kunjua vile vimeno vya chuma, toa kifuniko taratibu mno maana brashi zikipinda kazi imeharibika. Futa komyuteta kwa pamba na spiriti, na lile vumbi jeusi kwenye mianya ulitoe kwa kijiti cha meno, hilo ndo linapiga shoti kati ya vipande. Oili tone moja dogo kwenye bushi (pale shafti inapozungukia) basi, ikifika kwenye brashi inachanganyika na vumbi inakuwa tope.

Halafu mbona roboti yako inasukuma ukuta muda mrefu hivyo?? Mota ya omu 2 ukiipa volti 6 ikakwama inavuta kama ampea 3, na ile L298 yako, chipu inayoendesha mota, mwisho wake ni ampea 2 kwa kila upande, hapo vyote vinaungua. Andika kwenye programu ikikwama izime haraka.

Ukirudishia mota, lehemu pia kapasita ya nanofaradi 100 kati ya miguu miwili ya mota, inapunguza ile kelele ya umeme inayofanya kontrola yako ijiristi (ijizime na kuanza upya).

Nitumie namba za omu leo leo, na picha ya brashi kabla hujagusa kitu.