Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: manowari za kubuni na manowari zetu

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kuunda modeli za meli, wazee wetu mliofika, na wenzetu wa Dar es Salaam na Maskati mtakaoisoma taarifa hii kwenye simu,

Assalaam alaykum. Kabla sijasimama nilihesabu watu. Tuko 19, na daftari la chama lina majina 64. Hilo nitalirudia mbele.

Mambo ya kawaida nayapitia haraka kwa sababu mnayajua. Mikutano ya kila mwezi ilifanyika, isipokuwa mwezi wa Ramadhani. Januari, wakati wa sherehe za Mapinduzi, tulipata meza mbili za maonyesho. Skule tatu zilitutembelea, na kila mtoto aliondoka na kidau cha msufi alichokichonga kwa mkono wake. Msumeno wa meza uliharibika mara mbili na mara mbili ukatengenezwa. Tumempoteza mzee wetu mmoja, fundi wa majahazi aliyewafundisha wengi wetu kushika tezo. Mwenyezi Mungu amrehemu. Anastahili maneno mengi zaidi ya haya, ila wenyewe nyumbani wameomba tusiyakuze, nasi tumewasikiliza.

Sasa nije kwenye lililowaleta baadhi yenu leo, na pengine lililowazuia wengine kuja.

Mwisho wa mwezi wa tatu kamati iliamua kusimamisha modeli ya ile manowari kubwa ya taifa letu la kubuni, lile la visiwa tulilojitungia wenyewe. Mbao zake, pamoja na shilingi 640,000 zilizochangwa kwa ajili yake, zikahamishiwa kwenye modeli ya Glasgow, manowari ya kweli ya Sayyid Barghash, aliyekuwa Sultani wa Zanzibar. Yaliyosemwa tangu siku hiyo yote yamenifikia: kwamba mwenyekiti kazamisha manowari za watu, kwamba kamati haikutimia, kwamba fedha za jambo moja zimeliwa na jambo jingine. Nitajibu moja moja.

Kamati ilitimia. Katiba yetu inataka zaidi ya nusu ya wajumbe. Tulikuwa watano kati ya tisa. Wanne ambao hawakuja waliarifiwa siku sita kabla, na wawili kati yao niliwapigia simu mimi mwenyewe, wakapokea.

Kuhusu fedha, hapa lipo la kusema. Wachangiaji walikuwa 16, kila mmoja alitoa shilingi 40,000, na walitoa kwa ajili ya manowari ile, si nyingine. Walistahili kuulizwa kwanza. Sikuwauliza, na kwa hilo naomba radhi mbele yenu nyote. Tulitangaza kwamba anayetaka mchango wake urudi aandike kwa mweka hazina. Mpaka jana wameandika wawili na wote wamelipwa, mmoja wao kutoka mfukoni mwangu kwa sababu siku hiyo sanduku halikuwa na kitu.

Uamuzi wenyewe siuombei radhi.

Kwa waliojiunga karibuni: lile taifa la visiwa lilianza miaka 11 iliyopita, vijana wanne wakichonga mabaki ya mbao. Wakachora ramani yake na bendera yake, wakaandika kanuni za mapigano, na tangu hapo chama kimeunda manowari 23. Sita ni za mkono wangu, pamoja na ile yenye mizinga miwili omoni, yaani mbele, ambayo kila mgeni huipiga picha. Kwa hiyo anayesema mwenyekiti hakulipenda taifa lile hanijui. Lakini katika kila maonyesho watoto huja na swali moja: "Hii ilikuwa yetu?" Miaka yote nimekuwa nikijibu kwamba hapana, ni ya nchi isiyokuwepo. Januari hii aliniuliza msichana mdogo, tumeielekea bahari ileile iliyoimeza Glasgow, na jibu lile likanikwama kooni.

Visiwa hivi vilikuwa na manowari za kweli. Sayyid Said, Sultani na baba yake Barghash, alikuwa na Liverpool, merikebu ya mizinga 74 iliyoundwa Bombay, na mwaka 1836 akampa zawadi Mfalme William IV wa Uingereza. Waingereza wakaiita Imaum, ikamalizia maisha yake Jamaica. Alikuwa na Sultana, mizinga 14, iliyotia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840 ikiwa na karafuu, tende, kahawa na pembe za ndovu, mkuu wa safari akiwa Ahmad bin Naaman. Wamarekani waliitengeneza wasitake malipo. Na Sayyid Said mwenyewe, Oktoba 1856, alifariki ndani ya meli yake Victoria, akirudi Unguja kutoka Maskati. Nimeyasema haya kwenye mikutano ya ndani mara nyingi, lakini naona leo wapo wanaoyasikia kwa mara ya kwanza, tena watu wenye miaka mitano katika chama hiki.

Kisha kikaja kimbunga cha Aprili 1872. Kiling'oa mikarafuu ya Unguja na kuvunja merikebu zilizokuwa bandarini, na Sayyid Barghash akabaki na dola ya baharini isiyo na meli. Mwaka uliofuata manowari ya Kiingereza iitwayo Glasgow ilitia nanga hapa. Kwa mfano wake akaagiza ya kwake huko Dumbarton, Scotland, kwenye kiwanda cha William Denny, kwa pauni 32,735. Mataruma, yaani mbavu za meli, ya chuma, mbao za msaji, milingoti mitatu na mashine ya mvuke. Mizinga saba ya ratili 9, na bombomu aina ya Gatling. Ilifika Unguja mwaka 1878. Bendera yake ilikuwa nyekundu, na haikubuniwa na mtu kwenye karatasi ya daftari.

Mwezi wa nne mzee wetu mmoja alisimama akauliza: "Kwa nini tuunde chombo kilichoshindwa? Katika taifa letu hatujawahi kushindwa." Watu wakapiga makofi. Nilimjibu kwa sauti ya juu, na haikunipasa mbele ya mtu wa umri wake. Mzee wangu, uko hapa leo, nishike mkono tukimaliza. Jibu lenyewe ni hili.

Tarehe 27 Agosti 1896, saa 3 na dakika 2 asubuhi, Waingereza, waliokataa Sayyid Khalid ajitwalie usultani, walianza kulipiga kasri lake kwa mizinga kutoka baharini. Manowari zao zilikuwa tano. Glasgow ilikuwa na umri wa miaka 18, na mizinga yake bado ni ile ya kushindiliwa kwa mdomoni. Mbele yake ilikaa St George, ya mizinga ya inchi 9.2. Mabaharia wa Glasgow walikuwa na macho. Waliiona tofauti ile kabla ya mtu yeyote wa nchi kavu. Walifyatua hata hivyo. St George ikajibu, maji yakaanza kuingia, wakapandisha bendera ya Kiingereza kuonyesha wamesalimu amri, na mashua za maadui zikaja kuwatoa. Saa moja haikutimia, vita vikawa vimekwisha. Upande wa Sayyid Khalid, waliouawa na waliojeruhiwa walikadiriwa kufika 500.

Wageni wakija hapa huambiwa hivyo ndivyo vita vifupi kuliko vyote duniani, na huondoka wanacheka. Mimi sijawahi kuona cha kuchekesha. Maji pale bandarini hayakuwa na kina cha kuifunika meli, kwa hiyo milingoti yake mitatu ilibaki imesimama juu ya bahari mpaka mwaka 1912 mabaki yalipoondolewa. Ni miaka 16. Kila jahazi lililoingia na kaskazi lilipita karibu nayo. Waliozaliwa mwaka ule wa vita waliikuta, wakakua wanaitazama. Na leo katika mji huu muulize kijana ilikuwa wapi, atakuonyesha mahali pa kula pweza.

Ndiyo maana kamati, kwa pendekezo langu, iliamua zaidi ya modeli. Pembeni ya Glasgow tutaweka mzinga mmoja tu wa St George, uliochongwa kwa kipimo kilekile. Meli upande huu, mzinga upande ule. Mtoto akivitazama vyote viwili ataielewa asubuhi ile bila mtu kumhutubia. Wazo hili limeitwa kiburi cha mwenyekiti. Naomba kila aliyeliita hivyo aje aione meza yenyewe kwanza.

Kazi imefika hapa: mkuku, ule uti wa chini wa meli, umelazwa, mataruma yote yamesimama, ubavu wa kulia umefungwa mbao na wa kushoto umefika nusu. Milingoti miwili iko tayari. Wa galme, yaani wa nyuma, tulikosea kipimo, tunauchonga upya. Ikikamilika itafika karibu mita moja na robo. Wanaofanya kazi ni watu sita. Mataruma mengi niliyapinda mwenyewe baada ya Isha, nyumbani, na siku mbili nzima nilikaa kwenye hifadhi ya nyaraka Kilimani nikitafuta picha za bandari kwa gharama zangu. Sisemi ili nisifiwe. Nasema kwa sababu imeandikwa kwenye kundi letu kwamba mwenyekiti anatoa amri tu.

Na zile manowari 23 hazikutupwa. Ziko stoo, rafu ya juu, zimefunikwa shuka. Kweli, mbili zilivunjika milingoti wakati wa kuhamishwa na moja iliingia unyevu. Wenyewe nimekwenda kwao na nimewaambia.

Sasa mahudhurio na ada, na hapa moyo wangu ni mzito.

Inasemwa watu wamekimbia kwa sababu ya Glasgow. Daftari linasema vingine. Januari tulihudhuria 31, Februari 24, Machi 22, na huo uamuzi ulikuwa bado. Oktoba tulikuwa 12. Siku habari ya uamuzi ilipotoka, kundi la WhatsApp liliandikwa ujumbe zaidi ya 200 kwa siku moja. Jumamosi iliyofuata, siku ya kikao cha kuuliza na kujibiwa, walikuja 11. Niliandaa chai na mkate wa kumimina wa watu 40. Jamani, mtu mwenye neno la kusema kuhusu chama chake na alilete chamani.

Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi, yaani 24,000 kwa mwaka. Waliolipa kamili ni 21. Waliolipa kidogo kidogo ni 17, jumla yao shilingi 212,000. Ambao hawakutoa hata shilingi ni 26. Tuliyokusanya ni 716,000 na tunayodai ni 820,000. Kodi ya chumba imechukua 540,000, umeme na matengenezo ya msumeno 131,000. Salio ni 45,000, yaani kodi ya mwezi mmoja. Miongoni mwa wale 26 wamo waliosimama kwa ukali kabisa kuuliza fedha za chama zimekwenda wapi. Sitamtaja mtu. Najua hali ya maisha ni ngumu, na aliyekwama akinieleza pembeni nitamsikiliza, kama nilivyowasikiliza wanne mwaka huu.

Kuhusu mbele, Inshallah, tunatarajia kuishua Glasgow mezani kabla ya sherehe zijazo za Mapinduzi, au baada yake kidogo. Tangu upande mmoja wa jumba la Beit al Ajaib ulipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 tumekosa ukumbi uliotufaa kuliko wote, lakini jengo likisimama tena tutaomba kona yetu. Tukipata mfadhili tutaanza Sultana. Wenzetu wa Maskati wameonyesha moyo wa kusaidia picha na vipimo, na tunatumaini mazungumzo hayo yatafika mahali. Vijana wanaotaka kuendelea na taifa la kubuni nimewaachia chumba kila Alhamisi, vyombo vya kazi vikiwemo, mbao wajitafutie. Mpaka sasa hajaja mtu, lakini mlango uko wazi na ahadi hiyo siivunji.

Uchaguzi uko kwenye ajenda ya sita, nami nagombea tena, kwa kuwa sitaki kuiacha meli ina ubavu mmoja. Mweka hazina atasoma hesabu sasa hivi. Wanaotaka kuiona Glasgow, iko kwenye meza ya dirishani chumba cha nyuma. Tafadhali msiguse upande wa kushoto, gundi haijakauka.

Mwenyekiti